Mama Ukoko Hula Mwisho

Saa saba mchana, kipande cha nondo kinagongwa, na mafundi wanashuka kutoka ghorofa ya nne, vumbi la saruji limewajaa hadi kwenye kope. Mama Ukoko anawasubiri na upawa mkononi. Wali sufuria hii, maharage sufuria ile, na maneno hayamwishi.

"Wewe fundi rangi, hiyo sahani au ndoo? Sogea, wenzako wana njaa!"

Jina hilo la utani wamempa wao. Kila siku wakishashiba, yeye huinamia sufuria, akakwangua ukoko wa wali na kuulowesha kwa mchuzi uliobaki. Maharage yenyewe huwa yamekwisha. Ndivyo alivyofundishwa na shangazi yake aliyemwachia jiko hili: mpishi akila kabla ya watu, ataonekana mlafi.

"Nilidhani nguvu zote zimo kwenye mchuzi," anamwambia mwandishi aliyekuja kuandika habari zake. "Kumbe najidanganya mchana kweupe."

Ana kisukari. Mwaka jana alikanyaga msumari asubuhi, akaja kuuona jioni alipovua kiatu, maana miguu yake imekufa ganzi. Kidole kimoja kilikatwa, na kidonda hakijafunga hadi leo. Daktari hakumficha: sukari isiposhuka, kitakachofuata ni mguu.

Vidonge anameza. Lakini muuguzi wa kliniki alimweleza na habari ya sahani yake. Protini ya maharage, mayai au samaki huvunjwavunjwa tumboni kuwa asidi amino, ambazo ni matofali ya kujengea mwili na kuponya vidonda. Tena protini ikitangulia, na wali ukafuata kidogo tu, sukari haipandi kwa kasi. Ukoko mtupu huirusha juu.

"Nikamwambia, mwanangu, miaka yote nimezungukwa na matofali, kumbe mwilini sina hata moja!" Anacheka, kisha anautazama mguu wake wenye bendeji.

Tangu wiki iliyopita anajitengea bakuli la maharage na kulificha nyuma ya gunia la mkaa. Bado hajawahi kulila.

Leo mzee anayekunja nondo amechelewa kushuka. Anachungulia sufuria, anakuta ukoko.

"Basi, mama. Nitakunywa maji."

Mama Ukoko anamtazama mzee, analitazama gunia. Anainama, analitoa bakuli na kumpa mzee. Inauma kumwona mama huyu akikaa chini na ukoko wake.

"Atabebaje vyuma na njaa?" anamuuliza mwandishi.

Jioni nyumbani, binti yake anafungua bendeji.

"Umekula maharage, mama?"

"Nimekula."

Binti anabonyeza kidole cha pembeni, ambacho kimeanza kuwa cheusi. "Hapa unasikia?"

Mama Ukoko anamtazama bintiye usoni, apate kujua ajibu nini.

"Kesho nitakula kabla nondo haijagongwa," anasema hatimaye. "Waniite mlafi wakitaka. Mguu ni wangu."

Binti anazungusha bendeji safi, taratibu.

"Hata jana ulisema hivyo, mama."