Nyuma ya Mzee Shomari

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye studio moja ya Kinondoni, Mkuu wa Studio hakuniruhusu nishike kamera. Alinikalisha mbele ya picha mbili za mwanamke mmoja, kila moja imepigwa kwa lenzi yake.

"Uso kila mtu anauona," alisema. "Wewe utalipwa kwa kuona nyuma."

Nyie mnaoanza leo mmezoea simu inayofuta nyuma ya mtu kama ubao. Sie tulitumia kamera za fremu kamili, zenye kihisi kikubwa cha kunasa mwanga, na ukungu wa nyuma ulitoka kwenye lenzi yenyewe. Lenzi ndefu huyeyusha kila kitu. Lenzi pana haiyeyushi: hata ukifungua lote tundu lake la kupitisha mwanga, mtu aliye nyuma hubaki na umbo la mtu. Lenzi zetu pana zilikuwa mbili: ya milimita thelathini na tano ilikuwa na ukungu laini kama samli; ukungu wa ile ya ishirini na nne ulikuwa wa kukwaruza, kingo za vitu zikijirudia.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Temeke, na Meneja wa huko akanituma Goba kwa Mzee Shomari. Mkewe alikuwa amefariki. Binti yao, Zuhura, alitaka nyumba iuzwe, baba ahamie kwake Chamazi. Nipige picha za nyumba, kisha za mzee mlangoni, ziwe kumbukumbu.

Ilikuwa mchana kweupe. Mzee alikaa kitini mlangoni, ukumbi uko wazi nyuma yake. Picha ya lenzi ya ishirini na nne ilionyesha mtu amesimama mwisho wa ukumbi. Nikainua macho: hapakuwa na mtu. Nikaweka lenzi ya thelathini na tano, nikapiga tena. Sasa, pichani, mtu yule alikuwa nyuma ya kiti cha mzee.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Hamna, mzee. Nabana tundu kidogo, nyuma paonekane vizuri."

"Usibane." Hakugeuka. "Huja kila nikikaa hapa. Hapendi kukodolewa macho."

Sikubana.

Ofisini nilijitetea kwamba thelathini na tano huvuta vitu karibu. Meneja alilinganisha picha zile muda mrefu. "Mlango wa nyuma umesogea kidogo tu," alisema. "Huyu aliyesimama je?"

Zuhura alipoziona aliweka kidole juu ya yule mtu wa nyuma. "Huo mtandio wa mama," alisema. "Tulimzika nao." Nyumba haikuuzwa. Yeye ndiye aliyehamia Goba.

Mzee alipofariki, Zuhura alinipigia simu. "Dada, njoo na lenzi zako. Nataka kuwaona wote wawili."

Nilimwambia nimestaafu. Nilikuwa bado; barua ya kustaafu niliipeleka wiki hiyohiyo.

Vijana wakiniuliza lenzi ipi bora, nawaambia ile laini inafaa harusi, ile ya kukwaruza inafaa mitaa yenye watu. Nyumba za watu siwashauri. Zuhura naye hunipigia kila sikukuu. Yuko peke yake kule, hana mume wala mpangaji. Tunaulizana hali, tunacheka, na kabla ya kukata husema, "Haya dada, wanakusalimu."