Matofali Yaliyovuka Korongo

Nilipopangiwa kazi ya utendaji wa kijiji mpakani mwa Kondoa na Chemba, nilikuwa sijawahi kuishi mbali na mji. Nimezaliwa na kukulia Makole, Dodoma mjini, na Kigogo cha nyumbani hakikunisaidia kitu huko. Kijiji changu kilikuwa cha Warangi, na ng'ambo ya korongo, inakoanzia wilaya nyingine, waliishi Wasandawe. Sote tulikutana kwenye Kiswahili, kila mtu na lafudhi yake.

Korongo lenyewe ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Watoto huchezea mpira humo na wanawake huchimba maji kwa mikono. Mvua zikikolea ndipo linakuwa mto, na vijiji viwili vinakaa siku kadhaa vikitazamana bila kufikiana.

Siku niliyoripoti, mwenyekiti wa kijiji alinitembeza. Alikuwa mtu wa makamo, mfyatua matofali, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kusahau. Hakunipeleka ofisini kwanza. Alinipeleka kwenye boma la zahanati, jengo ambalo halijaisha. Kuta zilikuwa zimefika kwenye renta, usawa wa juu ya madirisha, madirisha yenyewe bado matundu, na nyasi zilikuwa zimeota katika chumba alichosema kingekuwa cha kujifungulia. Alinieleza jinsi wananchi walivyochoma matofali wenyewe, wakasomba mchanga na maji kwa punda, kwa sababu waliambiwa wakifika renta halmashauri itamalizia. Yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwahimiza. Sasa walikuwa wanasubiri, na walikuwa wamesubiri muda mrefu kiasi kwamba mbuzi walishazoea kulala humo.

Baada ya wiki chache niligundua kuwa wenzetu wa ng'ambo nao wana boma la zahanati. Nalo limefika renta. Nao wanasubiri halmashauri yao. Ukisimama kwenye boma letu juu ya kilima, la kwao unaliona bondeni, karibu na kisima kirefu na barabara ya magari. La kwetu halikuwa na maji wala barabara. Lilijengwa kilimani kwa sababu kiwanja hicho ndicho kilichotolewa bure.

Jirani yangu, mama aliyekuwa akiniuzia maziwa, alishikwa na uchungu msimu ule wa mvua. Mumewe akamtafutia bodaboda kumpeleka kituo cha afya, wakampakia katikati, dereva mbele na wifi yake nyuma akimshikilia. Hawakufika. Mtoto alizaliwa kando ya njia, juu ya kanga ya wifi. Alikuwa mzima, lakini mama alipoteza damu nyingi, akakaa kituoni siku nyingi kabla ya kurudi. Niliporudi kununua maziwa tena, alinipimia kama kawaida. Hakutaka kulizungumza, nami sikuuliza. Wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa mjamzito, mimba ya kwanza, na ilikuwa imeanza kuonekana.

Mganga mkuu wa wilaya yetu alikuja kukagua maboma baada ya mvua. Alikuwa mtu mpole, na ukweli aliusema bila kuuzungusha. Alisema bati anaweza kuzipata, lakini wauguzi hana. Hata akiezeka, jengo litafungwa kwa kufuli. Halafu akanyoosha mkono kuelekea bondeni, akauliza lile ni la nani. Tukamwambia ni la wilaya jirani. Akasema anamfahamu mwenzake wa huko, na kwamba kama vijiji viwili vingekubaliana kuwa na zahanati moja, wao wawili wangeweza kuwashawishi wakurugenzi wao: wilaya moja itoe bati na milango, nyingine itoe muuguzi na dawa. Kilichokosekana ni nyumba ya kuishi muuguzi. Bila nyumba hakuna atakayekubali kupangiwa huko.

Mwenyekiti alisubiri gari liondoke. Kisha akaniambia kwa hasira kwamba hata siku moja hatawapeleka wagonjwa wake wilaya nyingine kama watu wasio na kwao. Nilimwacha hasira zipoe. Zilipoa, ila jibu lake halikubadilika.

Tuliitisha mkutano wa kijiji. Tuliufanyia kwenye kivuli cha ukuta wa boma lenyewe. Wanaume walizungumza kwanza, karibu wote wakipinga. Walisema korongo likijaa tutafia upande huu. Walisema wenzetu watatanguliza watu wao, sisi tutakaa foleni mpaka jioni. Nikasimama kueleza alivyosema mganga, na hapo yule mama wa maziwa akainua mkono. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni.

"Mtendaji, wewe utakwenda kujifungulia Dodoma kwa mama yako," akasema. "Sisi tutabaki na hizi kuta. Mimi naomba mahali penye muuguzi. Pawe kwa nani, mimi hainihusu."

Ilikuwa kweli. Mama yangu alikuwa ameshanitayarishia chumba. Wanawake wengine nao wakaanza kusema, na mwenyekiti akaahirisha bila uamuzi.

Kesho yake asubuhi alinigongea mlango. Alikuwa amevaa koti lake la kwenda mjini. Akaniambia twende ng'ambo.

Mwenyekiti wa huko alikuwa mwanamke, mkulima wa mtama na mwenye mizinga ya nyuki. Alituketisha barazani, akatupa maji yaliyochanganywa na asali, akasikiliza. Kila mara alipotaka kufikiri aligeuka kumwambia jambo kaka yake aliyeketi kando yake, kwa Kisandawe, kwa zile sauti za ulimi zinazogonga kama mtu anayevunja njugu, na mwenyekiti wangu akawa anahamahama kitini. Alidhani wanamsema. Mwishowe yule mama akatugeukia, akasema wao pia hawapendi kusikia kwamba zahanati yao itakuwa na wenyeji wawili, lakini nyumba ya muuguzi imewashinda, maana matofali yao yaliharibiwa na mvua kabla hayajachomwa.

Mwenyekiti wangu akaacha kuhamahama.

"Matofali tunayo," akasema. "Yako ukutani. Lakini nina mambo mawili. Zahanati isiitwe jina la kijiji chenu. Na mvua zikija, watu wangu wapate pa kuvuka."

Yule mama akakubali la kwanza papo hapo, ikaamuliwa kuwa itaitwa kwa jina la korongo, ambalo ni la wote. La pili lilibishaniwa mpaka wakati wa chakula. Walikubaliana kujenga kivuko cha mawe na saruji mahali korongo lilipo jembamba, vijiji vyote vikichangia mawe na nguvu kazi. Akatuchinjia kuku. Njiani kurudi mwenyekiti wangu alitembea mbele yangu, na nilipomwambia pole akajibu kuwa bado hajafiwa.

Mkutano wa pili ulipitisha jambo hilo kwa kunyoosha mikono, ila si kwa wingi wa kujivunia. Siku ya kubomoa, wanaume wengi walikuja kutazama tu. Walikaa pembeni na fimbo zao. Mmoja alisema kwa sauti kuwa mwenyekiti ameuza boma. Mwenyekiti alipanda ngazi na nyundo na patasi, akaanza na kona ya chumba cha kujifungulia. Kuta zilikuwa zimeunganishwa kwa udongo, saruji kidogo tu kwenye pembe, kwa hiyo matofali yalitoka mazima. Alikuwa akiyapangusa moja moja kabla ya kuyashusha. Baadaye fundi wake wa zamani akapanda kumsaidia, halafu wanawake wakaanza kupanga kwenye mikokoteni ya punda. Nilipoinama kuchukua tofali mwenyekiti alinikaripia kutoka juu ya ukuta mbele ya watu wote, akaniamuru nikakae na tumbo langu kivulini. Hiyo ndiyo mara pekee siku ile watu walicheka.

Kazi ilichukua wiki kadhaa. Wenzetu walikuja kupokea mizigo katikati ya korongo, kwa kuwa punda wetu walichoka kupanda ukingo wa pili. Vijana wa pande mbili walianza kujuana majina. Msingi wa boma letu tuliuacha ulipo.

Nilikwenda Makole kujifungua kama ilivyopangwa. Nikapata mtoto wa kike. Niliporudi baada ya likizo, nyumba ya muuguzi ilikuwa imeezekwa, kivuko kimekamilika, na bati zilikuwa zinapigiliwa kwenye zahanati. Muuguzi alifika kabla ya mvua, dada kutoka Kagera aliyekuwa akishangaa vumbi letu. Binti yangu alichomwa chanjo zake zilizobaki kwenye chumba kile, nami nilikaa kwenye benchi pamoja na mama wa maziwa, ambaye alinionyesha mwanawe alivyoanza kutambaa. Hatukurudia yale ya mkutanoni.

Uchaguzi wa serikali za vijiji ulipokuja, mwenyekiti alishindwa. Hakushindwa kwa kidogo. Aliyemshinda alipita akisema atalirudisha boma la kijiji. Nilikwenda kumjulia hali mwenyekiti wa zamani, nikamkuta uwanjani kwake anafyatua matofali ya nyumba ya mwanawe, suruali imekunjwa magotini. Nikamwamkia, akaitikia bila kuacha kazi. Nilitaka kumwambia kuwa watu hawakumtendea haki, akanizuia.

"Imeniuma, mwanangu, sitakudanganya," akasema. "Usiku wa kura sikula. Lakini hawa walinipa nguvu zao wajengewe kitu, na mimi nikakivunja. Wana haki ya kukasirika. Acha wakasirike, ilimradi wanatibiwa."

Kisha akaniomba nimsogezee ndoo ya maji.

Mwenyekiti mpya aliitisha siku ya kuanza upya boma. Walikuja watu wachache, wakang'oa majani kwenye msingi, wakaondoka kabla ya saa sita. Siku ya pili hawakuja hata hao. Alinilalamikia kwamba wananchi ni wagumu, nami nikamwambia kuwa wengi siku ile walikuwa kliniki. Hakukasirika. Baada ya muda alianza kuhudhuria vikao vya kamati ya pamoja ya zahanati, na nikasikia kutoka kwa wenzetu kuwa ni mbishi kuliko aliyemtangulia, ila akisema atafanya, anafanya.

Mambo hayakunyooka yote. Msimu mmoja maji yalibomoa ukingo wa kivuko upande wetu, na pande mbili zikagombana nani alilaza mawe vibaya. Dawa huisha kabla ya mwezi. Wilaya mbili bado zinavutana kuhusu nani amlipe mlinzi, na mlinzi mwenyewe hulinda huku akilalamika kwa lugha zote tatu. Lakini muuguzi yupo, na akina mama wa pande zote mbili wanajifungulia pale.

Nimehamishiwa Mpwapwa sasa. Siku ya mwisho nilivuka kwenda kuaga na nikawakuta wenyeviti wawili kwenye kikao, wakijadili kujenga josho moja la kuogeshea ng'ombe wa vijiji vyote. Waliniitikia, wakanitakia safari njema, wakarudi kubishana josho liwekwe upande gani.