Pembe Iliyotobolewa

Nabiha alikuwa fundi wa mavazi ya michezo ya kuigiza hapa Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Ukimcheleweshea kitambaa alikutukana. Ukimsifu alikuuliza unataka kukopa nini. Lakini mkono wake haukuwa na mpinzani, ndiyo maana vikundi vya maigizo vya Majengo na Mbaraki vilimeza matusi yake na kurudi tena.

Mwezi huo alikuwa akimtengenezea Ronny, kiongozi wa kikundi kimoja cha Majengo, kofia ya mfalme yenye pembe za ng'ombe za kweli. Mwaka uliopita Ronny alivaa za karatasi, zikamkunjamania jukwaani, watu wakacheka hadi machozi. Safari hii alileta pembe mbili kutoka machinjioni, zingali na harufu. Nabiha alizichemsha uani ili fupa la ndani lichomoke, huku akimlaani ng'ombe, nzi na Ronny mwenyewe. Moja ikapasuka sufuriani.

Mfalme hawezi kuwa na pembe moja.

Ukutani, juu ya cherehani, ilining'inia pembe nyingine, ndefu, nyeusi, iliyong'azwa na viganja vya mama yake kwa miaka mingi. Hiyo ilikuwa ya vugo, ngoma ya wanawake ya arusini. Arusi ya mtaa huu haikuwa arusi mpaka mama huyo aipige pembe kwa kijiti na wanawake waitikie. Alipokufa aliacha pembe mbili: moja ikawa ya Nabiha, ya pili ya dadake mkubwa, Khairiya, anayekaa ghorofa ya juu ya nyumba hiyo hiyo. Ziligawanywa kwa ugomvi. Matangani, mbele ya wanawake wote, Khairiya alisema, "Mama akata roho, na huyu yuwashona nguo za wacheza ngoma." Tangu siku hiyo walipishana ngazini bila hata salamu. Nabiha hakumtaja tena kwa jina; alimwita yule wa juu.

Sasa yule wa juu alikuwa akimwoza binti yake, Swabaha, ambaye Nabiha ndiye aliyemfundisha kushika sindano. Habari za arusi alizipata kwa kusikia masufuria yakiburutwa juu ya kichwa chake. Alichokitaka, ingawa ungemwambia angekurukia, ni kuitwa akapige pembe ya mama yake.

Asubuhi moja Fairuz, mwalishi, akaingia uchochoroni akibisha mlango kwa mlango kuwaalika wanawake. Alibisha kwa jirani wa kulia. Alipofika kwa Nabiha akavuta buibui, akapita, akabisha kwa jirani wa kushoto.

 Nabiha akatoka hadi kizingitini.

"Pita, Fairuz, pita! Usije ukachafua viatu! Na mwambie aliyekutuma, hata maiti yake siendi kuiosha!"

Fairuz alitaka kusema neno, mlango ukabamizwa usoni pake.

Nabiha akaiangua pembe ya mama yake, akaibana kwenye jiliwa, akashika keekee. Alijua vizuri anachokifanya. Pembe ya vugo ikitobolewa haiiti tena. Alitoboa matundu manne shinani ya kupitisha skrubu za kofia ya Ronny, unga mweusi ukimwangukia mapajani, na kila tundu alilisindikiza kwa tusi. Alipomaliza alisikia raha, kama mtu aliyekuna kipele mpaka kikatoa damu.

Jioni Khairiya akashuka ngazi. Alisimama mlangoni na pembe yake mkononi, uso umemwiva.

"Wamtukana Fairuz njiani? Kwani ulitaka nikutumie mwalishi, Nabiha? Weye ni jirani? Ni mtu wa mbali? Mwenye arusi mwenyewe ataalikwa na nani? Twakungoja upande uanze kazi, nawe umejifungia huku wanuna!"

 Nabiha alilijua hilo; hakuna mwanamke wa Mji wa Kale asiyejua kwamba mwalishi huupita mlango wa wenye shughuli. Lakini kwa miaka ile ya kununiana alikuwa ameshajitoa mwenyewe katika nyumba yao, na hakuwaza kamwe kwamba wenzake hawakumtoa.

Khairiya akaiona pembe kwenye jiliwa. Akaifungua, akaigonga kwa kijiti. Ikatoa sauti ya kuni. Akaigonga yake, chumba kizima kikajaa mlio.

"Nalidhani mdomo wangu ndio mbaya kupita yote nyumba hii," alisema. "Huyo mfalme wako natafute pembe nyingine. Ijumaa utapanda na hii hii, uipige mbele ya watu. Mimi sikuombei udhuru."

Ijumaa Nabiha akapanda. Wanawake walimpisha hadi mahali pa mama yake. Khairiya akapiga, pembe yake ikaita. Nabiha akapiga, kikasikika kijiti tu. Akaongeza nguvu mpaka kifundo cha mkono kikamuuma.

Kutoka chumba cha ndani, nyuma ya pazia, ikaja sauti ya bibi arusi akimuuliza mtu:

"Mama mdogo hakuja? Nasikia pembe moja tu."

Nabiha akaendelea kupiga.