Dakika za Maziwa ya Baba

Jumamosi moja ya Juni 1956, hapa Karuba, nilipoteza chungu kizima cha maziwa ya ng'ombe wa marehemu baba, na aibu ile ni yangu peke yangu, maana mama alinionya. Maziwa yale yalipaswa kuganda ili baba mdogo anywe bakuli la kwanza na kumaliza matanga. Asipokunywa, hakuna anayenyolewa wala anayerudi shambani.

Nilikuwa nimefanya kazi miaka miwili kwenye nyumba ya jibini, na mkubwa wetu aliniachia kanuni kwenye karatasi: maziwa ya moto hupoa haraka kadiri yanavyoizidi hewa kwa joto, kwa hiyo ukijua dakika zilizopita, utapata joto lake. Ijumaa, siku moja kabla, mimi nilitaka kinyume, maana joto la kutilia mbegu (yale maziwa ya zamani yanayogandisha mapya) nililijua, nikakosa dakika, basi nikaigeuza kanuni, nikafungua kitabu changu cha logariti, dakika zikatoka, nikafurahi kama mjinga.

Mama akasogea achovye kiwiko, apime joto.

"Mama, uache. Karatasi inajua."

"Karatasi haina ngozi," akasema, akaniachia.

Kesho yake uwanja ulijaa (na mimi, Mungu anisamehe, nilikwisha kuwaeleza wote habari ya kanuni yangu). Baba mdogo akainamisha chungu, yakamwagika kama maji ya mto.

"Mutoto wa kaka, hii tunakunywa ao tunanawa?"

Watu wakacheka, msibani. Mama hakucheka.

Nilikaa nyuma ya nyumba na ile karatasi, nikairudia mstari kwa mstari, na sikuinuka mpaka nimeliona kosa: nilipaswa kwanza kutoa joto la hewa pande zote mbili, kwenye joto la mwanzo na kwenye lile la mbegu, ndipo nigawanye. Nilikuwa nimegawanya bila kutoa, dakika zikawa chache, mbegu ikafia kwenye maziwa ya moto. Nikarudi uwanjani, nikawaambia hivyo hivyo, nikaomba siku moja. Baba mdogo akakubali kulala.

Nikachemsha maziwa mengine, nikahesabu dakika mpya kwa saa ya baba, na zilipotimia nikamwita mama mwenyewe (tangu siku ile siweki mbegu kabla ya kiwiko chake). Akachovya, kisha akatoa nyuma ya mlango kibuyu kidogo: nusu ya mbegu, aliyoificha tangu Ijumaa.

Jumapili baba mdogo alikunywa, akapangusa midomo, akaomba wembe.