Wayunani Jikoni kwa Mama

Mimi sikai. Hata haya ninayoyaandika nimeshayainukia mara tatu: mara nifunge dirisha, mara nitazame chai, mara sijui hata nilikuwa nafuata nini. Mama yangu suala hilo alilimaliza tangu nikiwa mdogo. "Huyu mwili wake moto," alisema, basi. Nikanyweshwa mtindi, nikakatazwa tangawizi, na embe nikapewa moja tu, tena kwa masharti. Kwa Mama kila chakula kina moto wake au baridi yake. Tende moto, tango baridi, asali moto. Samaki na mtindi ndiyo usithubutu kuvikutanisha tumboni, utatoka mbalanga mwili mzima.

Aliondoka Unguja akiwa msichana, kwa haraka, hana hata sanduku. Mama yake alibaki kule, na kule ndiko alikozikwa. Mama hakuja Maskati na picha wala kidani. Alichokuja nacho ni haya ya moto na baridi, aliyofundishwa jikoni.

Mimi nafundisha chuoni, huku Al Khoudh, pembeni ya Maskati, historia ya fikra za kale. Mwaka jana nikapangiwa somo jipya, la matabibu wa Yunani. Nikasoma kwamba mwili una maji yake manne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Afya ni hayo manne kukaa sawa, na chakula ndicho kinachoyaweka sawa, kwa moto wake na baridi yake. Nikakifunga kitabu, nikacheka peke yangu. Huyu si Mama huyu? Wayunani wameandika, Waarabu wakafasiri na kuongeza yao, yakasafiri na watu wa pwani hadi kwenye chungu cha bibi yangu. Siku ile nilitembea ukumbini huku na huko mpaka mwenzangu mmoja akaniuliza kama nina mgonjwa hospitali. Nilikuwa naisubiri Ijumaa tu.

Ijumaa tunakula kwa Mama, Darsait. Binti yangu alikuwepo, mimba ya kwanza, mwezi wa sita. Akanyoosha mkono kwenye tango, bibi yake akaivuta sahani.

"Mwili wako baridi, mwanangu. Hilo liwache."

Binti yangu anafanya kazi maabara. Akacheka. "Bibi, hayo nani kayapima?"

Nikadakia mimi. Wallahi nilidhani namtetea Mama.

"Usimcheke bibi yako," nikasema. "Hayo yametoka kwa Wayunani. Watu waliofundisha dunia nzima kufikiri walikuwa wakisema maneno yaya haya."

Mama akaweka kijiko. "Yametoka kwa nani?"

Mwenye akili zake hapo angenyamaza. Mimi nikamwaga somo zima pale juu ya wali, la Yunani na la Baghdadi, nikichora njia kwa kidole kwenye nailoni iliyotandikwa chini ya sahani.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo si ya mama yangu."

"Ya mama yako, ila na yeye aliyapokea."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akamsogezea mjukuu wake lile tango. "Kula, mwanangu. Kula unachotaka."

Tangu siku ile hakumkataza mtu kitu. Nilimpigia simu, nikamwambia kifua kinanibana, ninywe nini. Akasema, "Waulize Wayunani wako." Nikamuuliza kuhusu mtoto wangu, akishajifungua alishwe nini zile siku arubaini, supu ya namna gani, mafuta gani. "Wayunani wanajua." Binti yangu mwenyewe, aliyekuwa akicheka, akaanza kunyong'onyea. "Bibi kaninunia? Juzi nimekula nanasi mbele yake, kanitazama tu."

Nilikasirika, sifichi. Nimemsifu, mnuno wa nini? Nikawa naendesha gari Al Khoudh mpaka Darsait karibu kila siku, njiani nikijibizana naye peke yangu, na nikifika napewa kahawa na salamu kama mgeni. Ilikuwa kwenye foleni, siku moja, ndipo nilipoona nilichokifanya. Mtu alitoka kwao na kitu kimoja tu, na mimi nimempokonya, tena huku natabasamu. Nililia mle garini kwa hasira za kujichukia. Na mtoto alikuwa anakaribia kuzaliwa, na mjuzi wa kumlea mzazi ndiye huyo amefunga mdomo.

Jumanne moja nikapita Sidab kwa wavuvi, nikanunua nguru. Chini ya nyumba ya Mama nikachukua mtindi dukani. Nikakaanga mwenyewe jikoni kwake, yeye kakaa ananitazama. Nikatandika mkekani. Samaki huku, bakuli la mtindi huku, wali katikati.

Mama akaliona bakuli.

Nikamega samaki, nikala. Nikalishika bakuli kwa mikono miwili. Mtu mzima mimi, mwenye wanafunzi, niliogopa kwamba ataniacha ninywe.

Nililifikisha mdomoni. Ndipo mkono wake ukaja, akaninyang'anya, mtindi ukamwagikia kanga yake.

"Hao Wayunani," akasema, "hawakukuzaa wewe."

Akaliweka bakuli nyuma ya mgongo wake, mbali na mimi.

"Mtindi utakunywa alasiri. Na huyo binti yako mwambie aje, nna maneno naye. Nanasi, na mimba ile?"

Habari ya samaki na mtindi nilikuwa nimeisoma, ninajua nani aliandika nini na nani alimpinga. Nilikuwa nayo yote kwenye ncha ya ulimi. Nikala samaki wangu bila mtindi, nikakaa.