Vikwembe vya Mama Geneviève

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa maneno mengi. Ukija kwangu hapa mtaa wa Lumumba, utanisikia kabla ya kuniona: ninagombana na uzi, ninagombana na sindano, ninagombana na mume wangu Kule hata kama hayupo nyumbani. Bunia nzima inajua kwamba Musoki hana breki. Lakini jambo ninalolieleza leo sijawahi kulitamka mbele ya mtu, isipokuwa Kule, na yeye nilimwambia kwa sababu alinikamata nalo mikononi.

Mimi ni mzaliwa wa Butembo. Nilikuja Bunia nikiwa bibi-arusi wa dereva wa lori, na miaka ya kwanza, kabla ya vita, nilipanda lori nikafuatana naye. Wake wa madereva wengine walirudi na mafuta ya mawese na samaki wa chumvi. Mimi nilirudi na nguo kuukuu. Tukifika Kisangani, tukifika Aru, tukifika Mongbwalu kwa wachimba dhahabu, nilishuka nikaanza kuuliza wamama: nani hapa ana kikwembe cha zamani, kitenge kile alichojifunga na kukifua mpaka kikawa laini? Wakanicheka. Mzee mmoja mchimbaji, Rachidi, alinipa kanzu yake iliyotoboka magotini, akaniuliza kwa huruma kabisa kama kwetu Butembo maduka yamefungwa.

Kitambaa kipya hakina la kuniambia. Cha zamani kimezunguka kiuno cha mtu, kimebeba mtoto mgongoni, kimepauka upande mmoja kwa kuanikwa juani. Nilikuwa ninakaa nacho wiki nzima, ninakikunja, ninakikunjua, kabla ya kukigusa kwa mkasi. Vipande hivyo niliviunga kwa mkono, nikashona mafuniko ya kitanda. Funiko moja lilinichukua mwaka, pengine zaidi. Siku nyingine niliunga vipande vinne tu, halafu jioni nikavifumua kwa sababu rangi zilikuwa hazisikilizani. Chakula chetu kilitoka kwenye mashini ya kushonea, kwa yunifomu za shule na bluzi za arusi. Mafuniko yalikuwa ya roho yangu tu. Majirani wakaniita Mama Viraka, nikanuna mwezi mzima, halafu nikazoea.

Kati ya wateja wangu alikuwepo Mama Geneviève wa mtaa wa Ngezi, mjane mwenye mabinti watatu. Kila kikwembe alichonunua alikileta kwangu nimpindie ukingo, na alikataa katakata nisitumie mashini. Alitaka mkono. Mshono wangu wa upindo una namna yake: kila sindano ya tatu ninarudi nyuma nusu hatua. Ndivyo alivyonifundisha shangazi yangu, na hapa Bunia sijaona mwingine anayepinda hivyo. Mama Geneviève alikuwa na sanduku zima la vikwembe vyenye mshono huo. Hata kile cha zamani kuliko vyote, ambacho mama yake alikinunua Kisangani kabla ya uhuru, nilikipinda upya mimi. Kilikuwa cha buluu nzito, chenye ndege weupe.

Nilikitamani kikwembe kile. Haki ya Mungu, nilikitamani kuliko nilivyowahi kutamani kitu cha mtu. Nilimwomba anipe kona tu, kipande cha ukubwa wa kiganja. Akacheka, akanipigapiga begani, akasema vile ni vya watoto, watagawana siku akifa. Kwetu ndivyo ilivyo. Mama akifa, siku ya kuondoa matanga mabinti wanaketi chini, sanduku linafunguliwa mbele ya ukoo, na kila binti anapata vikwembe vyake. Binti anayeondoka mikono mitupu, watu watamuuliza alimkosea nini mama yake. Kwa hiyo nilinyamaza, lakini kila alipokuja kwangu macho yangu yalikwenda kwenye furushi lake kabla ya uso wake.

Halafu vita. Siisimulii, waliokuwa Bunia mwaka 2003 hawahitaji nisimulie. Mwezi wa tano wengi walishika njia ya Beni kwa miguu. Siye tulikimbilia kambi ya karibu na uwanja wa ndege, mimi nimejitwisha kichwa cha mashini, Kule nyuma yangu akinisema kwa nini sikubeba unga. Tuliporudi mwezi wa saba tulikuta wezi wamebeba mlango, mabati, sufuria, hata miguu ya mashini. Viraka vyangu walivimwaga sakafuni wakaviacha. Hata wezi walividharau. Nilikaa juu yake nikacheka mpaka Kule akaogopa.

Mwezi wa nane nilikwenda sokoni. Nyuma ya soko kulikuwa na watu wanaouza vitu vya kuporwa, kila mtu alijua, na kila mtu alinunua. Wengine walikuta sufuria zao wenyewe pale wakazinunua tena. Mwanamke mmoja alikuwa na beseni la nguo juu ya plastiki. Nikaona buluu. Nikaona ndege. Nikachuchumaa, nikageuza ukingo, na mshono ulikuwa wangu.

Nilijua. Nilijua dakika ile ile, nisijidanganye. Chini ya kile cha ndege kulikuwa na vingine kumi, na vyote vilikuwa na mkono wangu. Nilivibadilisha vyote kwa bluzi mbili mpya, nikafunga furushi, nikaondoka mbiombio kama mtu anayeitwa. Njiani nilijiambia kwamba ninamtunzia mwenyewe. Wiki ya kwanza niliamini. Wiki ya pili nilianza kusikia habari za waliokufa kwenye njia ya Beni, nikajiambia labda mwenyewe hayupo tena. Wiki ya nne nilikuwa nimeshamzika Mama Geneviève pamoja na mabinti zake wote kichwani mwangu, na nguo imebaki haina mwenyewe.

Siku moja ya mvua, mwezi wa tisa, nilichukua wembe nikaufumua mshono wangu, upindo mmoja baada ya mwingine, vikwembe vyote kumi na kimoja, ili mtu asije akautambua. Sasa niambie, mtu asiyejua vitu ni vya nani atafanya hivyo kwa nini? Ilinichukua siku tatu. Baada ya hapo nikashika mkasi, nikaanza na kile cha ndege.

Na linalonitia haya zaidi ni hili: sijawahi kushona vizuri kama nilivyoshona miezi ile. Rangi zilikubaliana zenyewe. Niliimba nikiwa ninashona. Hadi Noeli funiko lilikuwa limekwisha, na hakuna mtu niliyemwonyesha.

Mwezi wa pili, Denise akaja. Ni binti mkubwa wa Mama Geneviève, ndiye aliyekuwa akiishi naye Ngezi. Alikuwa amekonda, amevaa kandambili za rangi mbili tofauti. Nilimkaribisha, nikampa chai, na uso wangu sikujua niuweke wapi. Akanieleza kwamba mama yake alikufa kwa homa njiani, wakiwa wameshapita Komanda, na kwamba walimzika na nguo aliyokuwa amevaa, hawakuwa na kikwembe hata kimoja cha kumfunika. Wadogo zake, Faida aliyeolewa Mahagi na Claire aliyeolewa Aru, hawakuwepo. Waliposikia kwamba sanduku la mama halionekani, walisema Denise alilibeba mpaka Beni akaviuza vikwembe, akala yeye peke yake. Faida aliapa kutomsalimu. Matanga yataondolewa mwezi wa tano, ukoo wote utakuja, na Denise ataketi pale kama mwizi wa mama yake.

"Yaya," akaniambia, maana huniita dada mkubwa tangu zamani, "weye unajua vikwembe vya mama kupita siye wote. Unisaidie kutafuta."

Funiko lilikuwa chumba cha pili, chini ya godoro. Nikamwambia tutatafuta.

Tukatafuta. Wiki tatu nilizunguka na yule mtoto wa watu masoko yote ya Bunia, kona zote, isipokuwa ile kona ya mwanamke wa beseni. Kila tukikaribia huko nilisema nimechoka, au kule hakuna nguo, au twende upande huu kwanza. Denise alinibebea mfuko. Akaona miguu yangu imevimba, akanunua marhamu akanipaka yeye mwenyewe, ameinama kwenye mlango wangu. Kwa majirani alinisifu, akasema tangu mama yake afe hajaona mtu wa kumhurumia kama mimi. Mimi, mwenye ulimi huu, nilikuwa ninaitikia tu "ndiyo, ndiyo" na kutazama chini.

Alipokata tamaa aliacha kuja. Nikasikia kwamba wazee wa ukoo wanapanga kumhoji siku ya matanga, mbele ya watu wote. Nilijua nani anapaswa kuhojiwa.

Asubuhi ya siku yenyewe Kule alinikuta nimeketi kitandani na funiko mapajani. Nilimwambia kila kitu. Nilingoja anitukane, ingekuwa nafuu. Akasema, "Lipeleke." Akatoka nje.

Nikalibeba. Kutoka Lumumba mpaka Ngezi nilijifunza maneno ya kusema kama mtoto anayekwenda kuungama. Niliviona kwenye soko, nitasema. Nilijua ni vya mama yenu. Nilifumua mshono nijifiche. Nikakata kwa mkono wangu. Niliyarudia mpaka nikayashika kwa moyo.

Watu walikuwa wamejaa uani, kwenye parseli ya Mama Geneviève, wameketi kwenye mikeka. Denise alikuwa peke yake upande mmoja, na mkeka wake haukuwa na mtu mwingine. Faida alikuwa amesimama, tayari anasema. Alikuwa anauliza sanduku la mama liko wapi, na alikuwa anauliza huku akiwatazama wazee, kana kwamba dada yake si mtu wa kutazamwa. Denise alikuwa ameinamisha kichwa.

Nikapita katikati bila kuomba ruhusa, nikalitandaza funiko chini.

Claire ndiye aliyesogea kwanza, akaweka mkono kwenye ndege mweupe, akaanza kulia. Wakavitambua kimoja kimoja: hiki cha arusi ya Faida, hiki cha ubatizo, hiki alichobebea wajukuu.

"Nilivikuta mu soko," nikasema. "Denise hakuuza kitu. Wezi ndio waliiba. Mimi nikanunua, nikakata."

Mpaka hapo nilikuwa sijadanganya hata neno moja. Ningeendelea tu. Lakini Faida akanigeukia, macho mekundu, akauliza, "Ulijua ni vya mama yetu?"

Watu wote walinitazama. Wazee, wamama wa kanisa, wateja wangu. Denise naye aliinua kichwa, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nilipoingia, na uso wake ulikuwa umeshaanza kufunguka.

"Hapana," nikasema. "Sikujua."

Neno lilitoka lenyewe, jepesi, kana kwamba lilikuwa limekaa mdomoni mwaka mzima likingoja. Na wakaamini. Faida akaanguka magotini mbele ya Denise akamwomba msamaha, na Denise akamwinua, na Claire akawakumbatia wote wawili, na wamama wakalia nao. Mzee mmoja akasema mbele ya watu kwamba Mungu alinituma mimi sokoni siku ile, la sivyo vikwembe vingechanwa vikawa matambara ya kufutia lori. Wakapiga makofi. Wallahi nilitaka kuondoka, lakini watu walikuwa wamenizunguka, kila mmoja anataka kunishika mkono.

Kisha wakaamua mabinti wagawane funiko, wakaniomba nikate mimi, kwa kuwa mkono wangu ndio ulioshona. Nikaletewa mkasi. Nilifikiri watasema sehemu tatu, kwa mabinti watatu, lakini Denise akasema nne, na mimi nikadhani ya nne ni ya shangazi yao. Nikakata. Kazi ya miezi ile yote ilifunguka mara moja, na sikuihurumia.

Faida akachukua sehemu yake, Claire yake. Denise akachukua yake akaiweka begani, akaikunja ile ya nne vizuri, pembe kwa pembe, akaja nayo mpaka nilipokuwa nimesimama.

"Yaya," akasema kwa sauti, wote wasikie, "siye tulikuwa watoto watatu wa mama. Leo tuko wanne."

Wamama wakapiga vigelegele. Nikanyoosha mikono yote miwili, nikapokea, nikasema aksanti.