Usiitike Mara ya Kwanza

Enzi zetu Magharibi ilikuwa na heshima yake. Sisi tuliokulia Bongwe tunajua: jua likianza kuzama, mchezo ulivunjika wenyewe. Ungekuwa katikati ya rede, mpira wa matambara uko hewani, lakini ukimsikia mama anakung'uta mkeka uani unajua muda umekwisha. Midomo ilikuwa myekundu kwa mabuyu, vidole vinanuka pilipili ya maembe mabichi, miguu vumbi mpaka magotini. Tulinawa upesi kwa kata, tukaingia. Mama alipita chumba kwa chumba na chetezo cha ubani, kisha akakifunika kioo cha sebuleni kwa kanga kuukuu. Alisema kitu chenye macho hakiachwi wazi saa hiyo.

Na ilikuwepo sheria kubwa kuliko zote. Ukiitwa jina lako Magharibi, usiitike mara ya kwanza, wala ya pili. Subiri ya tatu. "Mwenye haja nawe atarudia," mama alituambia. "Wale wengine huita mara moja tu." Hao wengine ni akina nani, hatukuuliza. Mtoto wa enzi zetu hakuwa na maswali mengi, maana swali la pili lilijibiwa kwa kofi.

Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa msichana wa rika langu, Mwanaisha. Jioni moja aliisikia sauti ya bibi yake ikimwita kutoka kisimani. Akaitika "Abee!" papo hapo, akatoka mbio. Bibi yake alikuwa jikoni muda wote, anakuna nazi. Walimkuta amesimama kando ya kisima, hana hata tone la maji mwilini, anatabasamu. Tangu siku hiyo ukimwita haitiki mpaka umguse bega. Ameolewa, amezaa, ana wajukuu, na bado ni hivyo hivyo. Mpaka leo sipendi kumgusa bega.

Sasa nami ni mtu mzima. Nafua mashuka katika hoteli moja ya Diani, nakaa na mama katika nyumba ile ile. Mdogo wangu Riziki yuko Uarabuni, anafanya kazi za nyumbani. Mama alimkataza kwenda, naye akaondoka alfajiri bila kuaga. Nanyi mnajua, mtoto asiye na radhi ya mama hata akila asali huisikia shubiri. Ndiyo maana nilifungisha intaneti nyumbani, nikamnunulia mama simu ya kioo kikubwa, ili Riziki apige amwone, amwombe radhi. Nafasi yake ya kupiga ni baada ya kuwaandalia matajiri wake chakula cha jioni, wakati ambapo huku kwetu ni Magharibi. Kisha akaniarifu kwamba jamaa hao wanahamia nyumba nyingine, mbali, ambako hataruhusiwa kushika simu. Alikuwa amebakiwa na wiki hiyo tu.

Na wiki hiyo mtandao ukawa haupiti. Asubuhi ulikwenda kama maji, Magharibi ukakwama. Kila nikirudi kazini mama ananiambia, "Simu ililia, nikaibonyeza kama ulivyonifundisha. Kitu kikaita 'Mama' mara moja, kikanyamaza." Naye mama alikuwa amenyamaza vilevile, akingoja ya pili na ya tatu, mpaka simu ikakatika. Mchana Riziki ananiandikia: dada, mama ananisikia na hataki kunijibu.

Nilimwita fundi wa kampuni. Akaja adhuhuri, kijana wa bara, suruali imeshuka, hata shikamoo kwa mama hana. Akatazama simu yake, akasema, "Mathe, net iko fiti kabisa. Zima hiyo kitu, washa tena." Nikazima, nikawasha. Nikakihamisha kisanduku cha waifai kutoka sakafuni kando ya kabati nikakiweka juu ya rafu, peupe. Nikabadilisha neno la siri, kwa sababu vijana wa mtaa walikuwa wamejaa barazani kwetu kila jioni, shingo zimekunjika, wananyonya mtandao wetu. Mama hakuwa na neno nao. Alisema watoto wa siku hizi wamelindika kweli, maana waite hata mara saba, hawaitiki. Vijana wakahama, lakini Magharibi mtandao ukalala vilevile.

Siku ya mwisho ya Riziki niliomba ruhusa kazini, nikakaa nyumbani nione kwa macho yangu. Adhana ilipokaribia mama akafukiza ubani, akakifunika kioo. Kisha akatoka jikoni na sufuria kubwa ya pilau, akakifudikizia kile kisanduku.

"Mama, wafanyani?"

"Macho yake yanakonyeza," akasema. "Tangu lini chenye macho kikaachwa wazi Magharibi?"

Nilicheka mpaka nikaketi chini. Fundi na vipimo vyake vyote, kumbe ni sufuria! Nikamweleza mama kwamba chuma kinazuia mawimbi, kwamba kile kisanduku ndicho kinachomleta mwanawe. Alinitazama sana. Mwishowe akaiondoa sufuria kwa mkono wa kulia, akisema bismillahi, na zile taa za kijani zikatukonyeza sote wawili.

Simu ikalia. Picha ikaja safi, Riziki na mtandio wake, nyuma yake jiko linalong'aa. "Mama!" Mama akanyamaza. Nikamwambia, "Mama, ni Riziki, humwoni?" Akaninyamazisha kwa kidole. "Mama!" Kimya. Uso wa mdogo wangu ukaanza kukunjamana kama alivyokuwa akilia utotoni. "Mama!"

"Ee, mwanangu," mama akaitika, na machozi yakamtoka kabla ya maneno. "Nimekuwia radhi. Duniani na akhera, nimekuwia radhi."

Nami nililia, sitaficha. Lakini Riziki alikuwa akitabasamu huku amekunja paji la uso. "Ahsante, mama. Ila si ulinipa jana?"

Jana yake tulikuwa Msambweni mimi na mama, hitimani. Nyumba ilikuwa imefungwa, funguo zimo mkobani mwangu, na ile simu tulikuwa tumeiacha hapo hapo mezani.

Mama hakushtuka. Aliuliza taratibu, "Jana uliniita mara ngapi?"

"Mara moja tu, mama. Ukaitika papo hapo. Picha haikuonekana, kulikuwa na giza, lakini sauti ni yako. Ukaniuliza nyumba mpya iko wapi, nikakueleza."

Mama akashika ukingo wa meza. "Huyo hakuwa mimi. Radhi yangu ni hii ya leo, umesikia? Na huko uendako, Riziki, ukiitwa Magharibi..."

"Usiitike mara ya kwanza," Riziki akamalizia, naye sasa hatabasamu. Akaitwa na tajiri wake, picha ikazimika.

Akahama. Hatukusikia neno kwa muda mrefu. Mtandao siku hizi ni mzuri, Magharibi na asubuhi, maana sufuria imerudi jikoni. Juzi Magharibi nilikuwa nimetandika mswala pamoja na mama, simu yangu ikalia. Namba siijui. Nikabonyeza. Kioo kikawa cheusi, kile kiduara kikazunguka, kikazunguka.

"Dada!"

Ilikuwa sauti yake, ile ya mtoto aliyekuwa akinifuata nyuma mchezoni akitaka tumchukue. "Abee" ilikuwa imefika ulimini. Mama akanishika kifundo cha mkono, akaniminya. Tukangoja ya pili. Nilisikia pumzi, au labda ni upepo wa dirishani, sijui. Simu ikakatika. Nilipopiga mimi, namba haikupatikana, na haijapatikana hadi leo.

Mama amelala usingizi wake bila wasiwasi. Kwake sheria ni sheria. Mimi silali. Enzi zetu aliyekuita Magharibi alikuwa uani, na akiwa wako kweli angeweza kusogea mpaka mlangoni aite tena na tena, hakuna wa kumzuia. Siku hizi watu wetu wametawanyika, wanatuita kutoka majumba ya watu, kwa simu ya kuiba, huku tajiri anakuja koridoni. Mtu kama huyo atapata wapi ya pili, sembuse ya tatu?